Siku Sitini za Belyse

Kila Jumamosi, akishachota maji kwenye pampu na kufagia uwanja, Belyse aliketi mbele ya kompyuta katika darasa la kanisa, pale Rubondo, mtaa mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu Pontien aliwafundisha wanafunzi wake kuandika programu ya kuongeza siku kwenye tarehe, maana watu wengi wa Nakivale hurudi na kadi za hospitali zinazotaja idadi ya siku tu, wasijue warudi lini.

Programu ya Belyse ilihesabu kila mwezi kuwa na siku thelathini. Aliijaribu kwa Aprili, jibu likatoka sawa. Mwalimu alipomuuliza kama ameijaribu kwa Februari, na kwa miezi ya siku thelathini na moja, alijibu kwamba ameijaribu kwa miezi yote. Alitaka kuwa wa kwanza kumaliza.

Bibi yake, Bernardine, aliyemlea, alikuwa na presha ya macho. Tarehe 10 Julai, hospitali moja ya Mbarara ilimpa dawa ya matone na kumwambia arudi baada ya siku sitini kamili. Siku hiyo moja tu daktari wa upasuaji angekuja kutoka Kampala. Programu ya Belyse ikasema: 10 Septemba.

Jirani yao Mkongomani, Mama Marcienne, alihesabu kwa kidole kwenye kalenda ya parokia.

"Mutoto wangu, miye nimehesabu mara mbili. Ni tarehe nane."

Belyse akacheka. "Mama Marcienne, kidole chako kimechoka. Kompyuta haichoki."

Bibi akamuuliza polepole kama ana hakika.

"Nimehakikisha, Bibi."

Tarehe kumi walifika Mbarara mapema. Muuguzi aliitazama kadi, kisha akawaambia kwamba daktari aliondoka juzi, na atarudi Desemba. Njia nzima ya kurudi Bibi alishika rozari yake.

Belyse alimwambia Mwalimu ukweli. Wakaisahihisha programu, kila mwezi ukapewa siku zake, na mara hii akaijaribu kwa miezi yote kumi na miwili. Lakini Desemba ilipofika, jicho la kushoto la Bibi lilikuwa limeshazimika. Daktari aliweza kuokoa la kulia tu.

Bandeji ilipotolewa, Belyse alipiga magoti akaomba msamaha kwa kuwa programu yake ilikosea.

"Kukosea Mungu anakusamehe, nami nimekusamehe," Bibi alisema. "Lakini mimi sikuiamini programu, siijui. Niliamini neno lako kwamba umehakikisha, nawe ulikuwa hujahakikisha. Usiseme tena umefanya kazi ambayo hujaifanya. Anayeumia ni yule aliyekuamini."

Belyse aliinuka. Alisimama upande wa kushoto wa Bibi, ule asioweza kuuona tena, akamshika mkono, wakatoka.