Julai Zilizouzwa

Mtaani kwa Eligio Frías, kule San Pedro de Macorís, tarehe mosi Julai ilikuwa sikukuu isiyoandikwa kwenye kalenda yoyote. Watu walijaa langoni kwake tangu asubuhi. Walikuja na viti vyao. Walicheza domino, wakanywa kahawa ya mwenye nyumba, wakasubiri.

Eligio alikuwa mrushaji mpira hodari wa besiboli. Miaka tisa alirusha mpira Marekani, katika ligi kubwa. Sasa alikuwa na miaka hamsini, kitambi na kisukari. Lakini kila Julai timu yake ya zamani bado ilimtumia dola elfu arobaini. Mtaani hawakuziita mshahara. Waliziita Julai.

"Kumpadre, Julai imeingia?" waliuliza.

"Bado, kumpadre. Kaeni, kaeni."

Ukimsimamia mtoto wa mtu ubatizo, wewe na mzazi wake mnaitana kumpadre, na mwanamke huitwa kumadre. Eligio alikuwa na makumpadre arobaini na zaidi. Mchezaji mkubwa akirudi nyumbani, kila mtu humletea mtoto wa kubatiza. Kumpadre hanyimwi. Ndiyo desturi, na Eligio aliishika kuliko padri mwenyewe.

Mkewe, Nurys, aliwamiminia wageni kahawa huku moyo wake uko kwenye jokofu. Insulini ya mumewe ilikuwa imebaki chupa moja. Mguu wa kushoto wa Eligio ulikuwa na kidonda kisichotaka kupona. Daktari alishawaambia waziwazi: bila dawa kila siku, mguu huo utakatwa.

Jua likapinda. Benki hapakuwa na kitu. Jioni watu walibeba viti vyao.

"Labda kesho," wakasema.

Kesho yake hakikuingia kitu. Wiki ikapita. Nurys akamfuata mumewe uani.

"Eligio, nitazame. Hela ziko wapi?"

Eligio alitazama chini. "Niliziuza," akasema.

"Uliuza nini?"

"Julai. Ya mwaka huu na ya mwakani. Unakumbuka kimbunga kilivyoezua mabati ya watu? Walikuja wote, Nurys. Ningewaambia nini? Kumpadre Tulio akaniletea bwana mmoja mwenye hela mkononi. Akanipa elfu thelathini palepale."

"Elfu thelathini kwa elfu themanini?"

"Tulio alisema timu inaweza kufilisika, nikakosa zote."

"Na mimi? Mimi ni nani humu ndani? Jirani?"

Nurys akainua macho, akayatazama mabati ya jirani. Aliyaona mabati yale kila siku akienda dukani. Yaling'aa mtaa mzima, juu ya vichwa vya watu wengine.

Siku ya pili alikwenda kwa Yahaira, binti wa kaka yake, akamsimulia yote. Yahaira alifanya kazi katika chama cha akiba na mikopo. Hakuwa na maneno ya kubembeleza.

"Shangazi, mkataba alisaini mwenyewe?"

"Alisaini. Mbele ya mwanasheria."

"Alikuwa na mwanasheria wake?"

"Alikuwa na Tulio."

Yahaira akavuta pumzi. "Basi hizo mbili zihesabu zimekwenda. Nitamuuliza mwanasheria wetu, lakini usilale ukizitegemea. Sasa nisikilize. Ile siyo zawadi ya timu. Wala siyo pensheni. Ni jasho lake. Alipokuwa anacheza, timu ilimlipa sehemu ya mshahara. Sehemu nyingine walikubaliana wailipe baadaye, kidogo kidogo, akishazeeka. Ni mshahara ulioahirishwa."

"Na ataendelea kulipwa mpaka afe?"

"Nani kawaambia hivyo? Mshahara una mwisho wake. Mjomba alishawahi kunionyesha karatasi zake. Baada ya hizo mbili alizouza, zimebaki mbili tu. Basi."

Nurys alishika kingo za kiti. Miaka yote hiyo aliishi kama mtu aliyejenga kando ya mto, akidhani maji hayakauki. Leo alijua yanakauka, na alijua lini.

Mwanasheria wa chama akasoma ule mkataba, akatikisa kichwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka ule ulikuwa mbaya. Nurys aliuza gari, akalipa madeni ya dukani, fedha zikaisha. Akaanza kukaanga sambusa za jibini na kuziuza karibu na uwanja wa mpira. Eligio alikuwa anajidunga nusu dozi ili chupa ifike mbali. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikaribia kuumbuliwa. Mwezi wa pili homa ilimwangusha sebuleni. Hospitali wakamkata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Siku alizolazwa, kati ya makumpadre wote walikuja watatu. Mmoja aliuliza kama Julai ijayo itawahi.

Eligio aliporudi nyumbani kwa magongo, Tulio naye akaja. Alivaa shati jipya. Mkononi alikuwa na bahasha.

"Baraka ya Mungu iwe humu, kumadre Nurys. Kumpadre, pole sana. Nimelia mimi, asikwambie mtu."

"Asante, kumpadre. Kaa."

"Sikai sana. Nimekuja kukuokoa. Yule bwana yuko tayari kununua zile mbili zilizobaki. Elfu ishirini na tano, leo leo. Unapata mguu wa bandia, unapata dawa, unatulia. Saini hapa tu."

Eligio alichukua kalamu. Nurys alimwona akiitafuta nafasi ya saini. Alimjua mumewe. Mtu huyu alikuwa hajawahi kumwambia kumpadre neno "hapana," hata mara moja.

"Kumpadre Tulio," Nurys akasema, "nina swali moja."

"Uliza, kumadre."

"Akisaini hapo, wewe unapata ngapi?"

Tulio akacheka. "Aa, kumadre, mambo gani hayo? Mimi natembea tu kwa ajili ya rafiki yangu."

"Sawa. Unapata ngapi?"

"Hata dereva hulipwa nauli, kumadre."

"Na mara ile ya kwanza ulipata nauli ngapi?"

Tulio alifuta jasho. Alitazama dirisha, akatazama mlango. Eligio akamkazia macho.

"Mjibu kumadre wako," Eligio akasema.

"Elfu tatu," Tulio akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa na shida, kumpadre. Wewe unazo. Sisi hatujawahi kuwa nazo."

Eligio akaiweka kalamu mezani. "Hapana," akasema.

"Hapana nini?"

"Hapana, Tulio. Siuzi."

Hakumwita kumpadre. Tulio alisikia hivyo, na Nurys alisikia. Tulio akachukua bahasha yake, akatoka bila kuaga. Eligio akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akalia kwa sauti. Nurys alikaa kando yake.

Jioni ile ile wakamwita Yahaira. Safari hii waliketi wote watatu.

"Kwanza," Yahaira akasema, "mjomba, usisaini kitu chochote bila shangazi kujua. Hata kama anayekileta ni askofu."

"Sawa, mwanangu."

"Pili, mtu akikwambia timu itafilisika, usikimbilie kuuza. Chama cha wachezaji kule Marekani kipo. Wapigie simu, uwaulize. Kuuliza ni bure."

"Sikujua kama bado wananikumbuka."

"Jina lako liko kwao. Tatu, hela ikiingia, hailali nyumbani. Inakuja kwenye chama chetu, mnaitoa kwa saini mbili. Tunaigawa kwa miezi. Dawa kwanza, chakula pili. Nyingine inabaki akiba, kwa sababu baada ya Julai mbili hakuna tena."

"Na watu?" Eligio akauliza.

"Watu gani?"

"Langoni."

Yahaira akamtazama shangazi yake. Nurys ndiye aliyejibu. "Watu utawaambia ukweli, Eligio."

Julai ya pili ilikwenda kwa mnunuzi. Sambusa ziliwavusha, na insulini ya bei nafuu waliyojiandikishia katika hospitali ya serikali. Eligio alikaa langoni kwa magongo yake, akawaambia waliokuja, mmoja mmoja: sina, na nitakazopata ni za dawa. Wengine walicheka wakidhani anatania. Wengine walisema amekatwa mguu pamoja na utu. Mama mmoja alitema mate chini. Kila jioni alirudi ndani hana hamu ya kula.

Julai ya tatu hela iliingia, elfu arobaini kamili, ikaenda moja kwa moja kwenye chama. Langoni hapakuwa na kiti hata kimoja. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliofumbwa vilevile. Jumapili iliyofuata, kanisani, Eligio alimpungia Tulio mkono. Tulio akageukia upande wa pili.

Mwezi wa nane Nurys alimpeleka mumewe kliniki. Daktari alikuwa kijana mgeni, hajui besiboli. Alimvua Eligio kiatu, akaukagua mguu wa kulia, kidole kwa kidole. Akasoma majibu ya sukari.

"Mzee, safi kabisa. Mguu huu ni mzima, na ukiendelea hivi utaendelea kuwa mzima. Nani anakutunza?"

"Mke wangu, huyu hapa."

"Na wengine? Ndugu, marafiki?"

Eligio alitazama kiatu chake sakafuni.

"Daktari, mimi nilikuwa na makumpadre arobaini."

"Na sasa?"

"Sasa nina mguu."

Daktari alicheka, akidhani ni mzaha. Nurys akainama, akamvisha mumewe kiatu, akamfunga kamba, wakarudi nyumbani.