Mashavu ya Jihan

Mama Flavia, jirani yangu wa ukuta mmoja, anasimulia hivi: Jihan wa Igalula aliharisha damu mpaka akabaki mifupa, akanywa makopo matatu ya unga wa madini wa Shamila, akanenepa mashavu. Ubishe nini, picha si anayo kwenye simu?

Ndugu zangu, picha ni ya kweli. Maneno ya tangazo yaliyoandikwa chini yake ndiyo uongo.

Jihan na Shamila walikaa dawati moja mpaka darasa la saba. Jioni walikuwa barazani, huyu anadarizi vitambaa, yule anamenya karanga, wanawacheka wapita njia. Utumbo wa Jihan ulipoanza kuvimba na kutoka vidonda, Shamila ndiye aliyempeleka hospitali Tabora, ndiye aliyemfulia kanga zilizoingia damu. Daktari alisema si amiba wala taifodi. Akampa vidonge vya kutuliza uvimbe, na pamoja navyo madini ya chuma na zinki, maana kuhara na kutoka damu kulikuwa kumemkausha. Akamwonya kuwa vile vya uvimbe vitamjaza uso, asishtuke, na asiviache ghafla.

Uso ukajaa kweli. Shamila akampiga picha akiwa na kilemba cha kijani, akasema anamtunzia.

Miezi miwili baadaye Shamila alikuja na kopo. Sasa anauza virutubisho. Akamweleza kwamba chuma na zinki vyote vimo humo, na hizo dawa za hospitali ndizo zinazomuumua kama andazi. Jihan akauliza kama unga huo unatuliza na uvimbe wa utumbo.

"Nikudanganye wewe, shoga?" Shamila alisema. "Kanga zako alifua nani?"

Basi Jihan akaacha vidonge. Wiki ya tatu aliangukia chooni, damu imetapakaa. Mama yake alimlaza kwenye gari la mizigo mpaka Tabora, akaongezewa damu chupa tatu. Shamila hakuja kumwona.

Kitanda cha pili alilala Advera, mama wa watoto wanne kutoka Goweko, ugonjwa uleule. Alimtazama Jihan muda mrefu, kisha akatoa simu, akamwonyesha ile picha ya kilemba cha kijani, chini yake tangazo la unga wa Shamila.

"Mdogo wangu, huyu si wewe? Mimi niliacha dawa kwa sababu yako."

FUNZO

Madini yanarudisha kile ambacho ugonjwa umekipunguza mwilini. Hayatulizi uvimbe wa utumbo. Tuyatumie kwa kipimo cha daktari, pamoja na dawa, si badala yake. Na anayetuuzia, hata kama ametufulia damu, tusimpe nafasi ya daktari.

Jihan alimwandikia Shamila: "Sikudai kitu. Futa picha yangu. Advera aliyeacha dawa kwa ajili yake bado hajainuka."

Tiki mbili zikageuka bluu. Mama Flavia bado anawaonyesha watu ile picha.