Mke au Mengineyo

Siku Fundi alipofika dirishani kwa mara ya kwanza, ukumbi wa bima ulikuwa umefurika watu hadi mlangoni. Alikuwa amevaa ovaroli iliyotobolewatobolewa na cheche za kuchomea, mkononi kashika cheti cha kifo cha mama yake. Mwanamke wa dirisha la madai, ambaye ofisi nzima ilimwita Bi Madai, alimsukumia kalamu chini ya kioo. Fundi akajaza fomu, akaondoka na kalamu. Kesho yake akairudisha. Keshokutwa akaleta mpya, na hapo hata mlinzi alijua kwamba kijana hakufuata bima.

Bima ya mama ilimzika mama. Jeneza, gari, maturubai, chakula cha waombolezaji, vyote vililipwa, wala hakuna jirani aliyepitishiwa daftari la michango. Fundi hakulisahau hilo, na hakumsahau aliyeigonga ile fomu muhuri.

Mwaka ukapita kwa simu za mchana.

"Bi Madai wangu, umekula?"

"Nimekula. Nani huyo anacheka hapo nyuma?"

"Mteja. Anataka geti."

"Mteja wa kike?"

"Ana miaka sabini, mpenzi."

"Sabini si mia."

Mcheke tu, lakini wivu ule ulikuwa umefundishwa na kazi. Kila baada ya muda walikutana mbele ya kioo chake wajane wawili, kila mmoja na cheti chake cha ndoa, marehemu mmoja. Alikuwa amewaona wakitazamana kuanzia viatu hadi kilemba. Kwa hiyo Bi Madai alimpenda Fundi kwa moyo wote na kumchunguza kwa macho yote.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, akainua kichwa akamwona Fundi dirisha la pili. Pale hukaa Bi Marashi, anayeandikisha bima mpya. Siku hiyo alivaa gauni la njano lililomkaa kama ameshonewa akiwa ndani yake, na manukato yake yalifika kabla yake kila alikokwenda. Vichwa vyao vilikaribiana juu ya karatasi. Bi Marashi akacheka, Fundi naye akacheka, kisha akatoka kwa mlango wa pembeni bila hata kugeuka. Bi Madai aligonga muhuri juu chini, akalazimika kurudia.

Mchana akampigia.

"Leo umeshinda wapi?"

"Karakana tu, nachomea."

"Karakana tu."

"Kwani vipi, mpenzi?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

Jioni alipokuja kumchukua, akamsogelea begani akanusa. "Karakana yako siku hizi inanukia."

"Labda rangi ya geti."

"Geti la yasmini, siyo?"

Jumanne, Bi Marashi alipokwenda kunywa chai, Bi Madai akajikuta mbele ya trei yake. Fomu ya juu kabisa ilikuwa na picha ya Fundi. Bima ya maisha, pamoja na gharama za mazishi. Jina la mnufaika, yaani mtu wa kulipwa Fundi akifa, lilifunikwa na risiti iliyobanwa kwa pini. Chini yake kulikuwa na vijisanduku vya uhusiano, na alama ilikuwa kwenye "Mke".

Mkono wake ukaenda kuinua risiti, ukasita. Viatu vya Bi Marashi vilikuwa vinalia koridoni, lakini si viatu alivyoviogopa. Aliogopa jina.

Siku tatu hakupokea simu. Ijumaa akapokea moja, akasema, "Msalimie mkeo," akakata.

Haikupita saa moja Fundi akaingia ukumbini anahema. Akachukua namba kama watu wote, akapanga foleni kati ya wafiwa, mpaka ikaitwa yake, thelathini na moja.

"Nikusaidie nini, kaka?"

"Nimekuwa kaka tena?"

"Wateja wote ni kaka. Mkeo hajambo?"

Mzee aliyekuwa nyuma yake akakunja gazeti ili asikie vizuri.

"Mke yupi?"

"Wa kwenye fomu. Nimeiona kwa macho yangu, Fundi, usinifanye mtoto."

Bi Marashi akaja na fomu bila kuitwa, akaiweka mezani. "Dada, inua risiti. Mimi nina wangu nyumbani, wako sina haja naye."

Akainua. Kwa mwandiko wa Fundi, uliopinda huku na huku, yalikuwa majina yote matatu ya Bi Madai, hata la babu yake, ambalo alimtajia mara moja tu, njiani, mvua ikinyesha.

"Mbona ulinidanganya uko karakana?"

"Sheria zenu hazikuruhusu kumhudumia mtu wako, ndiyo nikaenda kwa dada. Na nilitaka nikwambie mwenyewe, kwa heshima, si hapa."

"Na hii 'mke'? Umenioa lini?"

"Nilitafuta 'mchumba', haipo. Kuna mume, mke, mtoto, mzazi, mengineyo. Dada akaniambia niweke mengineyo." Fundi akasogea karibu na kioo. "Nikuandike wewe mengineyo? Nife, ubaki unazunguka na daftari la michango, kwa sababu nilikuandika mengineyo?"

Bi Madai alitaka kulia. Lakini alikuwa mtu wa madai, na kazi ikamtangulia. "Maelezo ya uongo yanazuia malipo. Ukifa leo, fomu hii nitairudisha mimi mwenyewe."

"Najua. Nimeambiwa nina siku thelathini za marekebisho."

"Basi rekebisha." Akamsukumia fomu na kalamu chini ya kioo.

Uso wa Fundi ukashuka. Akaichukua, akainama, akaweka ncha kwenye kile kijisanduku ili akikate. Kiganja cha Bi Madai kikapita chini ya kioo, kikaifunika fomu.

"Fomu iache ilivyo," akasema. "Rekebisha huko kwingine, kwetu kwa wazee."

Ilimchukua muda kuelewa. Mzee wa gazeti alikuwa ameshaelewa.

"Kwa siku thelathini?"

"Zimebaki ishirini na sita."

Fundi akaanza kucheka, machozi yanamlengalenga, akiwa bado ameishika kalamu.

"Na siku ukifa, akija hapa mwanamke mwingine na cheti," akaongeza Bi Madai huku akigonga muhuri wa kupokea, "nitamhudumia vizuri sana. Kisha nitakufufua nikuulize."

Akabonyeza kengele, akaita namba thelathini na mbili.