Kijiji Kisicho na Wezi

Damari analima kwa maksai wawili, Waziri na Tajiri. Waziri ni mvivu na Tajiri ni mkorofi, lakini wakishafungwa nira wanalima kweli. Msimu wa kulima ukifika, Damari hushika plau na mumewe Amosi hutangulia kuwaongoza ng'ombe, huku akichechemea. Mguu wake wa kulia haukunjiki vizuri. Zamani watu wakimuuliza, alisema aliangukia jembe.

Uongo mtupu. Ule ulikuwa mshale wa wezi wa ng'ombe.

Watu wa kijiji hiki, huku Mkalama, ni wachapakazi na wakarimu, ila wana kiburi chao. Ng'ombe akiibiwa, hawakuwa wakienda polisi. Kituo kiko mbali, walisema, na kulalamika ni aibu. Wanaume walichukua fimbo na pinde, wakafuata nyayo hadi porini. Wakimpata ng'ombe, sawa. Wasipompata, kimya. Miaka mitatu iliyopita Amosi alifuata nyayo hizo, akarudi amebebwa. Pale zahanati wenzake walimwambia muuguzi kwamba ameangukia jembe, ili wasiulizwe PF3, ile fomu ambayo polisi humpa mtu aliyejeruhiwa ili atibiwe.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Obadia, alijivunia hali hiyo. Kila baada ya miezi mitatu aliandika kwenye taarifa yake: hali ya usalama ni shwari. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akapiga na mstari chini yake.

Mwaka juzi zikaja habari kutoka Nduguti, makao makuu ya wilaya. Baraza la Madiwani limenunua pikipiki mbili za polisi kata, na zote zimekwenda kata nyingine. Kijiji kikachemka. Wengine walisema wamedharauliwa, wengine wakasema diwani wao amelala. Damari alikuwa na lake moyoni. Wiki ileile ng'ombe wa jirani yao Calist walikuwa wameibiwa machungani, na Amosi alichukua upinde wake ili naye afuate nyayo. Kwa mguu ule! Damari alikaa mlangoni, akakataa kuondoka, mpaka mume akaurudisha upinde. Lakini mtu atakaa mlangoni mara ngapi?

Kesho yake alikwenda ofisi ya kata. Mtendaji wa kata, binti aitwaye Scola, alimpokea kwa shikamoo na kiti. Damari akamweleza yote, kisha akauliza kwa nini kata yao imerukwa.

Scola alitoa faili la taarifa za Mzee Obadia, akaanza kusoma. Shwari. Shwari. Shwari. Taarifa nane, shwari nane.

"Mama, kwa karatasi hizi, ninyi hamjawahi kuibiwa hata kifaranga," alisema.

Damari akatazama chini.

Scola akamwelewesha taratibu. Askari hupangwa na Jeshi la Polisi, si diwani wala mtendaji. Lakini halmashauri inaweza kuchangia vitendea kazi, kama pikipiki na ofisi, na kumwomba mkuu wa polisi wa wilaya awapangie askari. Wote hao huangalia matukio yaliyoripotiwa. Diwani wao hakulala. Alisimama barazani akaiombea kata pikipiki, akaulizwa matukio ni mangapi. Hakuwa na hata moja la kuonyesha, akakaa.

"Sasa tufanyeje, mwanangu?"

"Kila wizi uripotiwe polisi, mpewe RB, ile namba ya tukio kwenye kitabu cha polisi. Hata yaliyopita mkayatolee maelezo. Kisha mkutano mkuu wa kijiji ujadili na muhtasari uandikwe. Utakuja kwenye kamati ya maendeleo ya kata, halafu diwani ataupeleka barazani. Ila mama, mwenye tukio aseme mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Damari alipomweleza mumewe wakati wa chakula, Amosi alirudisha tonge la ugali sahanini.

"Nisimame mbele ya watu niseme wezi walinishinda?"

Damari alimjibu kwamba hataki shujaa wa kaburini, anataka mume wa kumwongoza Waziri shambani. Amosi akanawa mikono, akatoka nje.

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa. Mzee Obadia alisoma taarifa yake. Alipofika kwenye shwari, Damari akanyoosha mkono. Kabla hajaruhusiwa kusema, mtu akasimama nyuma yake, ameshika bega la Calist.

"Mwenyekiti, mimi sikuangukia jembe," Amosi alisema. "Nilipigwa mshale na wezi. Andika."

Calist akasimama: ng'ombe watatu. Mjane Severina akasimama: mbuzi sita. Siku ile walisimama watu kumi na wanne. Wa mwisho alikuwa Mzee Obadia mwenyewe. Alikohoa, akavua kofia, akakiri kwamba beberu wake aliibiwa wiki ileile aliyoandika shwari. Watu walicheka mpaka naye akacheka. Kisha akachukua kalamu, akaikata ile shwari kwa mkono wake.

Walikwenda kituoni kwa makundi, wakatoa maelezo, wakarudi na RB zao. Muhtasari ukapita kwenye kata, ukafika barazani. Scola aliwaambia kwamba mwananchi anaruhusiwa kwenda kusikiliza kikao cha baraza. Basi Damari na wenzake wakaenda Nduguti, wakaketi nyuma, wamevaa kama wanakwenda harusini. Diwani wao alipoulizwa matukio ni mangapi, aliyasoma yote kumi na manne, moja baada ya jingine. Damari alijisikia fahari mpaka machozi yakamlengalenga.

Katika bajeti iliyofuata pikipiki ikapatikana, na Jeshi la Polisi likampanga Urbano, mkaguzi wa polisi, kwenye kata yao. Mwezi uliopita wezi walijaribu tena, wakamswaga Tajiri kutoka machungani mchana kweupe. Amosi hakugusa upinde. Alishika simu, akampigia Urbano. Urbano aliwaarifu polisi wenzake kwenye minada ya ng'ombe ili wezi wasimuuze, naye akawasha pikipiki akawafuata. Kabla jua halijazama Tajiri alikuwa zizini, mkorofi kama kawaida.

Juzi mgeni mmoja alipita shambani, akawasalimu, akauliza mguu wa baba umepatwa na nini. Amosi akasimamisha ng'ombe. Damari, mikono kwenye plau, akasubiri kusikia.

"Mshale wa wezi," Amosi alisema, kichwa juu. "Na RB yake ninayo."