Ukifa, Achia Padi

Siku Odeta alipokutana na Luhaga walianza kwa kutukanana, na ukiangalia yaliyokuja baadaye utasema walijitambulisha vizuri.

Ilikuwa stendi ya Nyegezi, wakati mabasi ya Dar yanaingia na wapakuaji wanayaparamia kama siafu. Odeta alikuwa na dera la manjano na kandambili za kuogea, maana Evelina, tajiri yake mwenye saluni pale Kirumba, alimtoa mbio akachukue boksi la rasta lililotumwa kutoka Kariakoo. Mpakuaji akamrushia boksi lililozongwa nailoni nyeusi. Odeta si mtu wa kuondoka kabla ya kuangalia. Akatoboa nailoni kwa kidole, akachungulia, akakuta hamna nywele. Mlikuwa na vidude viwili vyeusi vyenye vitufe na nyaya, vimelazwa kama watoto pacha.

Alipogeuka akamwona kijana mrefu, fulana nyekundu ya mpira imepauka mabegani, anavuta rasta kutoka boksi lingine kama mtu anayemtoa nyoka shimoni.

"Dada, hizo ni padi zangu za gemu," kijana alisema. "Weka chini kabla hujaziharibu."

"Na wewe acha kupapasa nywele za watu kwa mikono ya chipsi."

"Kumbe mwizi naye ana mdomo."

"Mwizi angeshapanda gari. Mimi nimesimama, nakungoja."

Kijana akanyoosha boksi la rasta. Wakabadilishana maboksi bila asante. Kilichowachekesha, ingawa kila mmoja alicheka kivyake, ni kwamba walishuka kituo kimoja, wakaingia uchochoro mmoja, na banda la gemu ambalo kijana alikuwa amelipanga juzi lilitenganishwa na saluni ya Evelina kwa mtaro wa maji machafu tu.

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa kurushiana maneno juu ya mtaro. Luhaga, Msukuma wa Misungwi, alimwambia kwamba mwanamke hawezi kushika padi. Odeta, Mkerewe wa Nansio, alivuka siku hiyohiyo, akakaa kwenye benchi, akashika. Vidole vya msusi havijui kupumzika. Gemu walilolipenda liliitwa Mlinda Moto: misitu inayotembea, wafalme waliooza, na joka linalolala juu ya mlima. Watu wawili walicheza pamoja kwenye televisheni moja, bega kwa bega. Luhaga alikuwa mtu wa shoka. Odeta alikuwa mganga mwenye chungu kichwani, naye kila Luhaga akijeruhiwa alimtibu huku akimsimanga: tangu lini Msukuma akatafuta mganga Ukerewe?

Banda lilikuwa na sheria moja, imeandikwa ukutani kwa chaki: UKIFA, ACHIA PADI. Hakuna kusema padi ilikwama, hakuna kusema jua lilinipiga machoni. Unamkabidhi mwenzako kwa mikono miwili, unanyamaza. Kule kukabidhi ndiko kukubali kosa, na wateja waliheshimu jambo hilo kuliko amri za serikali ya mtaa.

Mle ndani ya gemu wawili hao walijenga nyumba kando ya ziwa. Walianza na kuta, wakalima bustani, mwisho wakaezeka paa jekundu. Wateja wote walijua kwamba nyumba ile haiingiwi. Na siku matangazo ya Mlinda Moto la pili yalipotoka, banda zima likipiga meza kwa furaha, Luhaga alimwinamia Odeta sikioni.

"Likija hilo, tukaliua joka mimi na wewe, siku hiyohiyo namtuma mshenga Nansio."

Odeta alimwambia aache utani. Lakini alianza kungoja gemu kuliko wanaume wote wa Kirumba.

Halikuwa jambo dogo kwake. Baba yake kule Nansio alikuwa na watu wanaobisha hodi: familia ya fundi mitumbwi, watu wa heshima, wanataka jibu la posa. Kila alipopiga simu Odeta alimwomba avute subira, bila kusema anangoja nini. Utamwambiaje mzee kwamba unangoja joka?

Gemu likaja. Odeta siku hiyo alivaa gauni jipya la kitenge cha samawati, ila nywele zake alizisuka twende kilioni, harakaharaka, maana msusi hujisuka mwisho. Malimi, dereva wa bodaboda anayevaa koti zito hata jua likichoma, alimtazama akasema huyu amekuja na nywele za msiba, tusubiri maiti.

Banda lilifurika hadi mlangoni. Luhaga aliwasha. Ukatokea mlima, moto, muziki wa kusisimua mwili. Kisha maandishi. Luhaga aliyasoma kimya, akayasoma tena, shingo ikaanza kutoka jasho.

"Linataka mtandao," alisema.

Wakamwambia aliunganishe na simu yake. Akaunganisha. Mtu wa shoka akatokea, akapiga hatua moja, akaganda mguu hewani. Halafu gemu likawatupa nje. Bando limekwisha. Malimi akatoa simu yake, nalo la kwake likamezwa kabla hawajaona hata mkia wa joka. Hapo ndipo walipoelewa kwamba gemu hili halichezeki bila mtandao hata dakika moja. Lile la kwanza uliliweka kwenye mashine likawa lako. Hili lilikuwa kama mke wa mtu, kila ukimgusa lazima mwenyewe ajue.

"Gemu gani linaomba ruhusa Ulaya kila ukiinua mguu?" Malimi aliuliza. "Luhaga, umetungojesha mwaka mzima kuja kuangalia duara linazunguka?"

Luhaga alijitetea kwamba matangazo yalionyesha joka, hayakuonyesha waya. Hawakutaka kusikia. Mmoja akasema Luhaga alijua akaficha; mwingine akapiga teke benchi; maganda ya miwa yakaruka. Wakatoka wakimzomea, wakaenda zao banda la mtaa wa pili kucheza mpira. Malimi alitangulia, akiapa hatamsemesha tena.

Alibaki Odeta. Alichukua padi ya pili, akabonyeza, haikuitika. Luhaga akamwambia bila kumtazama kwamba gemu hili halipokei wawili. Kila mtu na mashine yake, nyumbani kwake.

"Basi turudishe lile la kwanza," Odeta alisema.

Luhaga akajifuta jasho shingoni. Odeta alikuwa mtu wa kuangalia, na alichokiona kwenye shingo ile hakukipenda.

"Nimelifuta," Luhaga alisema mwishoni. "Nafasi ilijaa. Mashine ina tumbo, ikishiba imeshiba."

"Na nyumba?"

"Imekwenda na lote."

"Hukuniuliza."

"Nikuulize nini? Watu wametoka kunizomea, na wewe unalilia bati la kuchorwa?"

"Na mshenga?"

"Nilisema tukiliua joka. Joka lenyewe umeliona?"

Odeta alitazama ukutani, kwenye chaki. Akanyoosha mkono. "Umekufa, Luhaga. Achia padi."

"Hili ni banda langu. Hakuna wa kunisomea sheria humu." Na akaikumbatia padi kifuani kama mtoto mnyimivu.

Odeta alivuka mtaro, na mtaro ukawa mpaka wa nchi mbili. Luhaga alitundika pazia. Evelina akageuzia redio upande wa banda, akaipandisha sauti. Luhaga akimpigia Odeta simu, Evelina ndiye aliyepokea.

"Odeta ameshafariki," alimwambia mara moja. "Tumemzika jana. Ungekuwa na adabu ungeleta rambirambi."

Siku moja Evelina alikuwa na povu hadi viwikoni, Odeta akapokea mwenyewe. Alisikia honi na wapiga debe; Luhaga alikuwa Nyegezi.

"Mpenzi, usikate," alisema. "Kuna jambo nalihangaikia huku, likitimia..."

Nyuma yake sauti ya msichana ikacheka. "Mwambie ukweli bwana, unamficha nini?"

Odeta akakata. Jioni ile Evelina, aliyekuwa akingoja nafasi, akasema kwamba yeye hapendi umbea, lakini amemwona Luhaga Nyegezi, karibu na chuo, penye mtandao wa nguvu, kichwa kwa kichwa na binti wa chuo aliyebanwa na jinzi. Tena si siku moja. Odeta alisuka hadi mwisho bila kuinua macho. Mteja alilalamika kwamba leo anavuta mno.

Alichokielewa ni hiki: kule kuna mtandao, na kuna mwenye mashine yake. Luhaga amepata mtu wa kuliua joka naye.

Akampigia baba. Mzee akasema watu wa fundi mitumbwi wanakuja Jumamosi, na yeye hamwozi mtoto kwa kamba. Aje aseme ndiyo au hapana kwa mdomo wake. Odeta akasema atakuja.

Ijumaa asubuhi bodaboda ilisimama mlangoni. Malimi hakuvua hata kofia. Alisema ametumwa, Luhaga yuko Busisi kwa binamu yake Antoni, anamwomba Odeta aende.

"Mwambie aende na binti yake wa chuo."

"Simwambii kitu, mimi simsemeshi. Ameniandikia ujumbe tu."

"Sasa kwa nini umekubali kutumwa?"

Malimi alikuna shingo. "Ameandika kwamba amenichagua kwa sababu namchukia. Eti wewe humwamini tena mtu anayempenda."

Evelina alisema huo ni ulaghai mtupu. Odeta alijifunga mtandio. Alisema anakwenda kummalizia usoni, ili kesho Nansio awe na moyo mweupe.

Njia nzima Malimi alimsema Luhaga, upepo ukimrudishia nusu ya maneno mdomoni. Walipanda daraja refu, ziwa likiwa chini pande zote mbili, mahali ambapo zamani watu walishinda wakingoja kivuko huku wakila mahindi ya kuchoma. Sasa magari yanapita tu. Huko Busisi vibanda vingi vya kivukoni vilikuwa vimefungwa. Cha Antoni kilikuwa wazi: mabati, benchi, televisheni yenye mgongo mkubwa. Antoni mwenyewe, mnene na mpole, aliwakaribisha akajitenga.

Luhaga alikuwa amevaa shati jeupe la kupigwa pasi. Alikuwa amekonda.

"Sema upesi," Odeta alisema. "Kesho nachumbiwa."

Luhaga alilifuta benchi kwa kiganja. Alisema yule binti anasomea kompyuta. Alimwendea amsaidie kukirudisha kilichofutwa. Walijaribu jioni baada ya jioni, wakashindwa. Siku ya simu binti alikuwa akimcheka, anamwambia amweleze mwenzake ukweli kwamba kilichofutwa hakirudi. Ndipo alipokumbuka mashine yake ya kwanza kabisa, aliyompa Antoni alipopata mpya, gemu likiwa bado ndani.

Akawasha. Televisheni ikakohoa, ikaonyesha ziwa, bustani changa, kuta nne. Mlangoni alisimama mganga mwenye chungu kichwani, pale pale Odeta alipomwacha wakati ule, anapepesa macho kama mtu aliyengoja sana.

Odeta aliinama, akakisogelea kioo.

"Haina paa," alisema.

"Paa tuliezeka baadaye. Hii ni ile ya mwanzo." Luhaga akamsogezea padi moja. "Kaa, mpenzi. Tuezeke upya. Hili halitaki mtandao wa mtu."

"Luhaga, wewe unadhani nililia paa?"

Odeta alikaa benchini, ile padi hakuigusa.

"Nilikuwa ng'ambo ya mtaro. Hatua za kuku. Ungetoa kichwa tu, ukasema Odeta, nafasi imejaa, tufanyeje. Ungesema hivyo, ningekuambia futa. Lakini ulifuta kwanza, halafu ukaniambia ni picha, halafu ukajificha nyuma ya joka usinioe. Leo umenivusha ziwa unioneshe kuta."

Luhaga alifungua mdomo. Odeta alimwona anatafuta neno: mtandao, wateja, matangazo, kampuni ya watu wa mbali. Aliyaona yote yakipita usoni pake, na alijua likitoka hata moja ataondoka, na asubuhi atapanda kivuko cha Nansio aseme ndiyo.

Halikutoka. Luhaga aliufunga mdomo. Akachomoa padi zote mbili, zile zilizokuja na basi siku ya Nyegezi. Akazizungushia nyaya zake taratibu, akapiga goti kwenye udongo, akaziweka mapajani mwa Odeta kwa mikono miwili. Kisha akanyamaza.

Nje mawimbi yalipiga mawe. Malimi, aliyekuwa mlangoni akijifanya anasoma mawingu, alikohoa.

"Sasa gemu nani anacheza?" aliuliza.

"Hakuna," Odeta alisema. Akampigia baba. Akamwamkia shikamoo, akangoja marahaba, akamwambia kwamba kesho anakuja kama alivyoahidi, lakini wale watu wa mitumbwi awaombe radhi mapema, wasipoteze nauli, maana kuna mshenga mwingine njiani. Mzee aliuliza huyo mshenga ni mtu wa namna gani. Odeta akamtazama Malimi kuanzia viatu hadi kofia.

"Ana koti zuri," alisema.

Malimi akarudi nyuma. "Dada, sikiliza. Mimi huyu simsemeshi."

"Mshenga hasemi na mwoaji. Anasema na baba."

"Nitamwambia baba yako yote. Kwamba ni mbishi, kwamba alituangusha, kwamba alifuta."

"Ndiyo maana nakutaka wewe."

Luhaga, bado amepiga goti, aliinua uso kutaka kujitetea. Odeta akagonga padi kwa kucha, mara moja tu. Luhaga akauinamisha uso tena.

Antoni aliingia akifuta mikono. Aliuliza kama azime mashine, umeme wenyewe ni wa kubahatisha. Odeta akamtazama mganga wake kwa mara ya mwisho, amesimama mlangoni mwa nyumba isiyo na paa.

"Zima," alisema. "Kufuta ndiyo usithubutu."