Darasa la Kwanza Si la Mgeni

Kengele ilipolia, kila mwalimu alishika njia ya darasa lake. Nyamweya, mwalimu mkuu, alikwenda la saba, darasa la wakubwa, alilolipenda kupita kiasi. Mwakio, kijana mpya kutoka Taita, alikwenda la kwanza. Ndiyo ilikuwa desturi ya shule ile karibu na Keumbu, huko Kisii: mwalimu mgeni huanzia la kwanza. Nyamweya mwenyewe alianzia huko, wala hakufa.

Lakini mwaka ule wa 1971 watoto wa la kwanza hawakujua Kiswahili, na Mwakio hakujua Kikisii. Akisema, "Simameni," wanamkodolea macho tu. Akipaza sauti, wanalia. Wengine walitorokea kwenye migomba. Wazazi nao walinung'unika, "Huyu alisomea nini?"

Ijumaa jioni Mwakio aliingia ofisini, macho mekundu.

"Mwalimu, naomba uhamisho. Kazi imenishinda."

Nyamweya aliingiwa na hofu. Wageni wawili walikuwa wameshaondoka. Huyu naye akienda, la kwanza lingekaa bila mwalimu mpaka Januari, na watoto wangerudi kuchunga ng'ombe.

"Nipe mpaka Jumatatu," alisema.

Akaenda moja kwa moja kwa Bathsheba, mwalimu wa la pili, mama aliyekuwa amefundisha miaka mingi. Alimkuta akiharakisha kupika kabla jua halijatua, maana kesho yake, Jumamosi, ilikuwa Sabato ya Waadventista kama yeye.

"Vijana wa siku hizi hawana uvumilivu," Nyamweya alilalamika.

"Wewe ulipoanza, ulisema na watoto lugha gani?"

"Kikisii."

"Na yeye aseme nao lugha gani?"

Nyamweya alivuta kigoda akaketi.

"Mwalimu, la kwanza ndilo gumu kuliko yote," Bathsheba alisema. "Mtoto asipojua kusoma hapo, atafika kwako la saba akibabaisha. Huko anatakiwa mwalimu mzoefu, anayejua lugha ya watoto. Onchiri wa la tano anaweza la saba. Mwakio apewe la tano, wale wanasikia Kiswahili na Kiingereza. Tena usimwonyeshe tu mlango wa darasa ukaondoka. Ukae naye darasani. Umwambie alichofanya vizuri, halafu umrekebishe mkiwa wawili, si mbele ya watoto. Na chakula, anakula na nani?"

"Sijui."

"Anakula peke yake. Sisi tunaona haya kumwalika mwalimu kwa chakula chetu cha kawaida. Yeye anadhani hatumtaki. Kesho atakula hapa."

"Na huyo mzoefu wa la kwanza nitamtoa wapi?"

Bathsheba alimnyoshea mwiko. Nyamweya akaelewa, na ilimuuma. Watu wangesema ameshushwa cheo. Alisukuma kuni mekoni mpaka chungu kikatokota.

"Basi," alisema, "nitalichukua mimi."

Jumatatu aliwaeleza walimu wote mpango huo, kisha akaingia la kwanza. Watu walicheka kweli. Yeye alikaza roho, akawaimbisha watoto hesabu kwa Kikisii mpaka jasho likamtoka. Alipopata nafasi alikwenda kukaa nyuma ya la tano.

"Ramani yako imewafurahisha," alimwambia Mwakio walipotoka. "Lakini unasema mbio. Na wa nyuma hukuwauliza kitu."

Mwakio alijaribu tena, na tena. Majirani walianza kumwalika Sabato baada ya Sabato. Alipowasalimu kwa Kikisii walimcheka, wakamsahihisha, wakamwongezea mboga. Muhula ulipokwisha, la tano lilikuwa limefanya vizuri kuliko miaka yote. Habari ya uhamisho haikutajwa tena.

Januari alikuja mwalimu mwingine mpya, binti kutoka Kitui. Mwakio alikwenda kumpokea kituoni Keumbu, akajitwika mzigo wake.

"Nimesikia wageni hupewa la kwanza," binti alisema kwa wasiwasi. "Na mimi sijui Kikisii hata neno moja."

"Hulipati," Mwakio alimjibu. "Mimi mwenyewe nimeliomba, maana sasa Kikisii nakijua kidogo. Mwalimu mkuu amekataa katakata kuliachia."