Baba wa Elkana Thorle

Zulia la mlangoni lilikuwa limelowa chepechepe, na mvua haikuwa imenyesha Germantown, nje ya Washington, wiki nzima. Flaviana alilipangusa kwa kitambaa, akakianika. Kilipokauka kilikuwa kigumu, cheupe kwa chumvi. Chumvi ya bahari, na bahari iko mbali na nyumba ile.

Alimwonyesha Bi Hathaway, kikongwe wa Kimarekani aliyekuwa akimtunza tangu yeye Flaviana atoke Bukoba. Kikongwe hakushangaa. Macho yalimng'aa.

"Ni Elkana," akasema. "Amenisikia."

Elkana Thorle alikuwa babu wa mababu zake, mmoja wa Wapuritani, wale walokole wakali wa Kiingereza waliovuka bahari zamani kwenda kuishi Marekani kwa sheria ya Mungu peke yake. Alikofikia kulijulikana. Alikotoka, hapana; katika kumbukumbu hakuwa na kijiji wala baba. Tangu awe mjane Bi Hathaway alikuwa akimtafutia asili. Flaviana alimwendesha hadi maktaba za Washington, akamfungulia kompyuta, akamsaidia kuyauliza makanisa ya Uingereza. Kila walipoambulia patupu, kikongwe alikaa dirishani akamwita kwa sauti, kama anayemwita mtoto aliyepotea: "Elkana, wewe ni wa nani?"

"Bibi, kwetu wafu hawaitwi ovyo," Flaviana alimsihi. Hakusikia.

Baada ya zulia ikaja harufu ya sufu mbichi na lami, ikipanda ngazi mchana kweupe. Kisha vishindo vya viatu vizito. Kisha Bi Hathaway akagoma kula, na kila aliposinzia kitini ilimtoka sauti ya mwanamume, kavu kwa kiu: "Mimi ni wa nani?"

Binti yake, Audrey, alisema kwenye simu kuwa ni uzee tu. Daktari akasema vivyo hivyo. Padri alileta maji ya baraka, akaondoka bila kumaliza sala. Flaviana alimpenda yule bibi kama mama, naye alikuwa anamwona akizama kwenye nchi kavu, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyeopolewa majini. Hakuwa na pa kukimbilia ila kwa Fahmi, Mpemba aliyepika katika mkahawa mmoja mtaa wa Shaw, Washington, ambaye Waswahili wa mji ule walimjua kwa kisomo cha kutoa pepo.

Fahmi alikuja Jumamosi asubuhi. Alipofukiza ubani king'ora cha moshi kikalia, akakinyofoa darini. Akanong'ona:

"Huyu kaitwa kwa suali, dada'angu, na suali ndilo lililomshika. Akikuuliza, usimjibu. Utakachompa ndicho atakachokwenda nacho."

"Na Bibi?"

"Tusome. Inshallah atamwachia."

Akasoma. Vishindo vikashuka ngazi kimoja kimoja, harufu ikajaa sebuleni hadi ikawakaba koo, na Bi Hathaway akainuka kitini kama anayevutwa nywele, maji ya chumvi yakimbubujika mdomoni, macho yakimtoka, na ile sauti ikiuliza juu ya kisomo, ikiuliza bila kupumua, mimi ni wa nani, mimi ni wa nani, mpaka midomo ya kikongwe ikageuka samawati na Flaviana, akiona roho inamtoka mbele yake, akatafuta jina la baba yeyote duniani na hakupata mdomoni mwake ila moja.

"Kalisti!" akapiga kelele. "Wewe ni wa Kalisti wa Kamachumu!"

Ile sauti ikakatika. Mlango ukafunguka wenyewe, ukajifunga taratibu. Bi Hathaway akakohoa, akatazama huku na huku, akaomba chai.

Flaviana alilia kwa furaha, amemkumbatia. Fahmi hakufurahi.

"Kalisti ni nani?" akauliza.

"Baba yangu."

"Yu hai?"

Flaviana alikuwa amekwisha shika simu, akikosea namba, akianza upya. Huko Kamachumu, upande wa Bukoba, jua lilikuwa linazama. Mzee Kalisti alipokea akicheka, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu wamzike mkewe.

"Flaviana mwanangu! Mbona siku zote hukuniambia kama una kaka?"

"Baba, usimfungulie mlango! Baba, nakuomba!"

"Amekwisha ingia. Nimempisha kitini pangu. Anataka kuwajua ndugu zake wote, wakubwa kwa watoto," mzee akasema kwa upole. "Nimeanza kumtajia."